TAHADHARI: Zamzam ya elfu tisini, nimeliwa mchana kweupe

Jamani, aibu ndiyo iliyonikalisha kimya wiki mbili. Leo nasema kwa sababu yule dada wa mtandaoni bado anauza Zamzam yake, eti maji ya kile kisima kitakatifu cha Makka.

Mama anaumwa tangu Rajabu, hali yake mnaijua, sirudii. Jumatatu ile niko kwenye foleni ya dawa, naperuzi simu, nakutana na picha: dumu la lita 5, lebo ya kijani yenye Kaaba, chini kaandika "Zamzam asili, imeshuka jana." Nikamuandikia. Yeye akajibu kwa sauti. "Waalaykumu salaam habibty, pole na mama, Mungu amfanyie wepesi." Sauti laini, nyuma yake Qur'ani inasomwa taratibu. Akataka jina la mama ili amwombee dua. Nikamtajia! Kisha akanikumbusha ile hadithi kwamba Zamzam ni kwa nia aliyonywea mtu. Hapo nikaisha.

Msinicheke. Mwenye mgonjwa ndani haulizi risiti. Na kuomba apunguze bei ya Zamzam niliona kama nashindana na Mungu. Nikatuma 90,000 yote, na 5,000 ya bodaboda juu.

Dumu likaja limeviringishwa nailoni, zuri, hata kulifungua nilitia udhu kwanza. Kila alfajiri namnywesha mama, nimemkalisha ameelekea kibla, bismillah. Siku ya tisa maji yakaisha, nikaliloweka dumu kwenye beseni nilioshe. Lebo ikabanduka yote kama ganda la ndizi. Chini yake lebo nyingine, maji ya kunywa ya hapahapa mjini, yale tunayonunua dukani kwa Mangi kila siku.

Nikaingia chumbani nalia. Mama akasema, "Mwanangu, mie nilijua tangu siku ya kwanza." Kahiji 2009. Zamzam yenyewe ni nzito mdomoni, ina kachumvi kwa mbali, haifanani na maji ya chupa. Alikunywa siku zote tisa asinivunje moyo.

Sasa mtu kama huyu afanywe nini? Faini haimtoshi! Akamatwe, dumu zake zimwagwe mbele ya watu, na anyweshwe yeye kwanza akiwa ameelekea kibla. Wezi wa kuku wanapigwa mitaani, huyu anaitwa "ustadha".

Dalili? Zilikuwepo, mimi ndiye sikutaka kuziona. Hujaji anaporudi huwa na dumu moja la lita 5; huyu ana arobaini stoo, wiki hata wiki. Saudia wenyewe wamekataza Zamzam kutolewa nchini kwa biashara, na pale msikitini Makka watu wanayanywa bure. Anauza na vipande vya Kiswa, kile kitambaa kinachofunika Kaaba, kila Ijumaa vipya, wakati Kiswa hubadilishwa mara moja kwa mwaka. Tasbihi "zilizosomewa" ndio usiseme, za jumla na rejareja. Na jina lililotokea nilipotuma pesa lilikuwa la mwanaume. Nililiona kabisa, nikabonyeza namba ya siri vilevile.

Nilipompigia alisema nia yangu ilikuwa haba, akanifungia namba.

Sasa hivi nimechungulia kwa simu ya mdogo wangu. Kapandisha hadi 120,000, kaandika "Ofa ya Ramadhani, zimebaki 4."