Maziwa ya unga ya ndama: nililipia mfuko, madharau nikaongezewa bure

"Kwani mathe unalea ndama ama mtoto wa Karen?" Hayo ndiyo niliyoambiwa na kijana wa kaunta katika agroveti moja, duka la dawa na vyakula vya mifugo, hapa katikati ya jiji, wateja wakisikia, nami nimeshika chupa yenye ushahidi. Karen ni mtaa wa matajiri hapa Nairobi. Duka sitalitaja. Lakini maneno hayo yameniuma kuliko pesa, na pesa zenyewe si kidogo.

Nafuga Ruai, ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Anayefuga anajua hesabu ilivyo: ndama wa Friesian anakunywa lita nne hadi sita kwa siku, na kila lita inayoingia kwake ni lita ambayo jirani hatainunua langoni. Kwa hivyo maziwa ya unga si wazo la kipumbavu, watu wengi wanalea nayo vizuri tu. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, sikuigusa. Hiyo ndama wangu hupata saa chache za kwanza, kutoka kwa mama yake, kwa sababu siku moja ikipita utumbo unafunga na ile kinga haiingii tena kwenye damu. Baada ya hapo ndipo nikaanza kumbadilishia pole pole, jinsi nilivyoelekezwa palepale kaunta: "Siku nne tu, mathe, unaanza. Haina shida."

Haina shida!

Nilipima unga kwa mizani. Maji yalikuwa ya nyuzi 45 hivi, ndoo imeoshwa, nikakoroga kwa waya wa kupigia mayai mpaka mkono ukachoka. Nikageuka kuchukua chuchu ya chupa. Kurudi, juu kumebaki maji yamepauka kama chai ya bweni, na chini pamelala machicha mazito ya rangi ya udongo. Nakoroga, yanapanda. Naacha, yanashuka. Kila mlo ni hivyo hivyo.

Siku si nyingi ndama akaanza kuhara. Kinyesi cha kijivu, maji matupu, mkia umegandamana. Macho yakaingia ndani, na ukimvuta ngozi ya shingo ilikuwa inabaki imesimama badala ya kurudi. Aliyewahi kuona hiyo ngozi anajua moyo unavyokwenda mbio.

Daktari wa mifugo alipofika hakuuliza hata habari za mvua. Alimpa ndama maji yenye chumvi na glukosi, akasema nimrudishie maziwa ya ng'ombe nisimkatie, na hayo maji ya chumvi nimpe katikati ya milo. Kisha akaugeuza mfuko, akasoma viungo, akaniwekea kidole: soya, na iko mbele kabisa kwenye orodha. Ndama ambaye hajamaliza wiki tatu tumbo lake haliwezi soya. Anataka protini iliyotoka kwenye maziwa yenyewe. Mfuko kwa mbele umeandikwa "ndama" kwa herufi kubwa na picha ya ndama anayecheka, basi. Umri haupo.

Ndiyo nikapanda matatu na chupa yangu. Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Hukukoroga, mathe." Nikamwambia, kijana wangu, hebu angalia hapa chini. Ndipo akatoa hiyo ya mtoto wa Karen. Na watu walipocheka akapata nguvu: "Ukitaka maziwa kamili si ukamue tu ng'ombe wako?" Kurudishiwa pesa? Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwamba mfuko ukifunguliwa haurudi. Karatasi hiyo haikuwepo nilipokuwa nikilipa kwa M-Pesa, au labda ilikuwepo, lakini hakuna aliyeninyooshea kidole wakati huo.

Nyota moja. Hiyo moja ni ya mfuko wenyewe, ambao ni imara na sasa nawekea makaa.

Ila kuna jambo linaniudhi kuliandika. Unga uliobaki sikuutupa, nani anatupa kitu cha bei hiyo? Nilimpa ndama mwingine jike, aliyepita mwezi na aliyekuwa tayari anatafuna peleti. Huyo hakuhara hata kidogo. Manyoya yanang'aa, amejaa mbavu, ukipita na ndoo anakupiga kichwa. Kwa hivyo kwa ndama mkubwa kidogo unga huu ni sawa, tena bei ni nafuu. Sawa, nyota tatu. Lakini mbona hakuna aliyeniuliza "ndama wako ana umri gani?" Swali moja tu! Hapana, mbili. Unga mbili, na ile kaunta sifuri.

Dawa ya kupe bado nanunua hapo kwa sababu kwingine wanachinja watu kwa bei, lakini nangoja kwanza yule kijana aende chakula cha mchana.