Koha kwa majarida: inafaa, ukiipanga vizuri mwanzoni

Kwa majarida ya karatasi, sehemu ya majarida ya Koha, programu huria ya kuendesha maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, inatosha. Uzito uko kwenye kusajili: wakala (anayekuletea jarida), tarehe ya toleo la kwanza, jarida hutoka mara ngapi, mpangilio wa juzuu na namba. Kabla ya kuhifadhi, bonyeza kitufe cha kujaribu utabiri, uone matoleo ambayo Koha inatarajia. Wengi huruka hapo. Jarida la robo mwaka likiingizwa kama la kila mwezi, orodha ya yaliyochelewa hujaa matoleo ambayo hayapo duniani.

Siku za kungojea kabla toleo halijahesabiwa limechelewa, usiziache sifuri. Dai la toleo lililochelewa kwa wakala nalo halitoki kama rekodi yake haina barua pepe. Ruhusa za wafanyakazi zimetenganishwa vizuri: anayepokea matoleo si lazima aweze kufuta usajili. Kinachoudhi ni matoleo yaliyounganishwa, mfano namba 3–4. Hayo hurekebishwa kwa mkono. Majarida ya mtandaoni yapeleke kwenye sehemu ya rasilimali za kielektroniki, iliyokuja na toleo la 22.11.