Boti ya kutalii Ziwa Naivasha: uzoefu wa mtu wa Mwanza anayeishi Nairobi

Kwa Watanzania wenzangu mlioko Nairobi mnaoulizia boti za Naivasha: nendeni, lakini chagueni nahodha kwanza, boti baadaye. Nimerudi huko Jumamosi na bado nimefurahi, kwa hiyo naeleza kwa kirefu.

Nairobi nimeizoea kwa mengi. Baridi ya Julai nimeizoea, foleni ya Mombasa Road nimeizoea. Kitu ambacho sijazoea ni kukaa miezi bila kuona maji mapana. Mtu aliyekulia Mwanza anajua: ukipanda jiwe lolote unaliona ziwa, ukienda sokoni unalinusa. Hapa nilipo South B hakuna kitu kama hicho, na hamu yake huja bila taarifa, hata ukiwa kazini.

Naivasha ni kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Tulipanda matatu Nyamakima alfajiri, mimi na jirani yangu Mkenya na wanawe, tukapita barabara ya juu ya Limuru. Pale Bonde la Ufa linapofunguka upande wa kushoto, kaa dirishani. Mjini Naivasha unabadilisha gari, unachukua matatu ya Kongoni inayofuata ufuko wa kusini wa ziwa, unashuka penye gati unalolitaka.

Sasa tuje kwenye boti zenyewe. Barabarani utapokewa na vijana wanaokuvuta kila mmoja kwake, na bei ya kwanza wanayokutajia si bei. Tulipofika gati la kwanza nilitazama majaketi okozi kabla ya kitu kingine chochote. Mawili yalikuwa hayana kamba za kufungia, na ya watoto hayakuwepo kabisa. Kijana akasema, "Madam, hapa maji ni kidogo, hakuna shida." Nilimshukuru nikaondoka. Jirani yangu alishangaa, akaniona nina makuu. Nikamwambia mimi natoka mji ambao tarehe 21 Mei kila mwaka watu wanakumbuka MV Bukoba, meli iliyozama mwaka 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia wakafa karibu kabisa na nyumbani. Tarehe 20 Septemba 2018 kikapinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200, nacho kilijazwa vilevile. Kwetu hakuna anayemwambia mwenzake maji ni kidogo.

Gati la pili ndilo ninalolisifu. Nahodha, mtu mzima wa makamo, alitufunga kamba za majaketi mmoja mmoja kwa mkono wake, akavuta kuhakikisha, kisha akatupanga: wazito katikati, watoto ndani, mama mwenye pochi kubwa aiweke chini. Wakaja wapenzi wawili wakitaka kuongezwa, hela wameishika mkononi. Akakataa. "Hii ni ya watu saba, na saba ninao," akasema, akawasha injini. Tulikubaliana shilingi elfu nne za Kenya kwa saa moja, boti nzima, kwa hiyo mkiwa wengi gharama inagawanyika vizuri. Mimi kwa ile hesabu yake ya watu saba ningemlipa zaidi.

Kitu cha kwanza kukushangaza ni miti iliyokufa. Migunga mirefu imesimama ndani ya maji, mikavu, myeupe, na juu yake wamejaa mnandi wanaokausha mabawa. Nahodha alisema pale palikuwa nchi kavu, watu walikuwa wanaegesha magari. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipopanda mwaka 2020, Naivasha nayo ilitoka kwenye kingo zake, ikaingia hadi kwenye nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Unapita kwa boti katikati ya matawi, taratibu, injini ikinong'ona, na mtoto anaweza kunyoosha mkono akagusa gome.

Nilimuuliza mbona maji haya ni baridi yasiyo na magadi, wakati Elmenteita na Nakuru pale jirani ni magadi matupu. Akaeleza kwamba mito ya Malewa na Gilgil inaingiza maji, na ingawa hakuna mto unaotoka, maji yanapenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Hakuisoma kama mtu aliyekariri; alitusimamishia boti akaelekeza kidole upande ambao Malewa inaingilia.

Viboko tuliwakuta kando ya mafunjo. Alizima injini mbali, mbali kuliko boti nyingine mbili zilizokuwepo, na jirani yangu akataka tusogee apige picha. "Hapana dada, huyo ana mtoto." Tukatazama vizuri: kweli, kichwa kidogo cha rangi ya waridi kimelazwa juu ya mgongo wa mama yake, masikio yakipiga piga maji. Mama akazama. Nahodha hakutuambia kitu, alikuwa anafuata mapovu kwa macho, mkono uko kwenye kamba ya injini, mpaka alipoibuka upande wa pili ndipo akashusha pumzi. Hapo nilielewa ninalipia nini.

Halafu furukombe. Alichukua samaki mdogo, akamchomeka kipande cha bua la funjo mdomoni ili aelee, akapiga mluzi na kumrusha. Ndege alitoka juu ya mgunga, akaja chini moja kwa moja, kucha mbele, akamnyakua bila kulowesha kifua. Watoto walipiga kelele, na mimi pia. Nahodha alitaka kurusha wa pili nikamwomba aache. Nadhani ndege mwenye ziwa lililojaa samaki aachwe avue mwenyewe.

Kuna jambo ambalo picha za mitandaoni haziwaonyeshi. Tuliwapita wavuvi wanaoingia majini kwa miguu, maji kifuani, wanavuta nyavu palepale viboko wanapokaa, hawana hata mtumbwi. Nahodha alipunguza mwendo ili mawimbi yasiwayumbishe, akawasalimia, wakajibu. Baba yangu mdogo amevua sangara maisha yake yote Ukerewe, na niliwatazama wale kama ndugu. Ukienda, nunua samaki kwao au kwa akina mama wanaowauzia kule mjini. Na magugu maji yapo vilevile kama kwetu: yalijisokota kwenye mapanga ya injini, ikabidi ainue injini ayachambue kwa kisu.

Kasoro sitaificha. Saa moja haitoshi, chukueni mbili. Kushuka Crescent Island kutembea kati ya twiga na pundamilia kuna kiingilio cha peke yake, na hilo tuliambiwa tukiwa tumeshafika majini, ulizeni mapema. Chakula cha hoteli za ufukweni ni ghali kwa mshahara wangu. Upepo nao huanza mchana, na ziwa linalotulia asubuhi linarusha maji hadi kwenye nguo ikifika saa nane. Panda saa mbili au saa tatu asubuhi, vaa sweta.

Ningeirudia hata kesho. Mama anakuja Desemba kwa basi kutoka Mwanza, na tangu mwaka ule wa 1996 hajapanda chombo chochote cha majini. Nimempigia simu nikamsimulia habari ya nahodha aliyekataa hela. Akauliza, "Saba kweli?" Nikamwambia saba. Akasema nimwekee nafasi.