Matembezi ya Wakapuchini wa Dublin: 1916 safi, 1922 juu juu

Niseme mapema kwamba hela yangu haikupotea. Ila kama unakwenda Dublin kufuatilia habari za mapadre waliokuwa bega kwa bega na wapigania uhuru wa Ireland, matembezi haya yatakupa nusu ya kisa, tena vizuri, na nusu nyingine utajitafutia.

Kampuni siitaji jina. Ni matembezi ya mguu, kikundi kidogo, Kiingereza tu. Mnakutana Church Street, nje ya kanisa la Wakapuchini, watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Sisi wa Dar kanzu ile ya kahawia si ngeni kwetu, maana Askofu Mkuu Edgar Maranta alikuwa Mkapuchini kutoka Uswisi. Ya wenzao wa Dublin ndiyo niliyokuwa siyajui.

Mama aliyetuongoza ana kipaji cha kusimulia. Pasaka ya 1916, Waireland walipoasi utawala wa Uingereza, vita vilifika hadi mlangoni mwa watawa hawa, na ukumbi wao wa Father Mathew ukageuka mahali pa kutibia majeruhi. Patrick Pearse, kiongozi wa waasi, aliposalimu amri, Padre Aloysius Travers na Padre Augustine Hayden ndio waliokwenda kuzungumza na Thomas MacDonagh, ambaye alikuwa bado amejichimbia na watu wake kwenye kiwanda cha biskuti cha Jacob.

Kipande kilichonishika zaidi ni cha usiku wa kuamkia Mei 3. Mapadre waliitwa gereza la Kilmainham wakawaungamishe Pearse, MacDonagh na kiongozi mwenzao Thomas Clarke. Wakawapa sakramenti, kisha kabla ya alfajiri wakaambiwa watoke, na wale watatu wakapigwa risasi bila padre karibu. Aloysius akalalamika, na hoja yake ilikuwa ya kikanisa kabisa. Mpako wa mwisho hapewi mtu mwenye afya yake, kwa hiyo kwa anayepigwa risasi padre lazima awepo palepale, ampake mara tu anapoanguka. Jeshi la Uingereza likakubali. Kuanzia siku iliyofuata mapadre walisimama uani.

Kilmainham haimo kwenye bei, nilikwenda kwa tiketi yangu. Ua wenyewe ni kokoto na kuta ndefu za mawe, na misalaba miwili myeusi. Mmoja uko mwisho wa ua, walipouawa watu 13. Wa pili uko karibu na lango, alipouawa James Connolly, kiongozi mwingine wa uasi, Mei 12. Alikuwa na jeraha baya la mguu, hawezi kusimama, na Aloysius alipanda naye gari la wagonjwa kutoka Dublin Castle. Akaketishwa kwenye kiti hapohapo karibu na lango. Ukisimama katikati ya misalaba ile miwili unaona jinsi walivyoona tabu hata kumbeba hadi mwisho wa ua.

Sasa lawama. Tulipofika jengo la mahakama la Four Courts, mwongozaji akaanza kutazama saa. Mzee mmoja akauliza maaskofu walisema nini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jibu: "Hiyo ni habari ndefu." Basi! Na hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1916 padre aliyemshika mkono mtu wa kupigwa risasi hakuna aliyemnung'unikia sana. Mwaka 1922 ilikuwa Waireland kwa Waireland, na jeshi la serikali mpya lilipoanza kuipiga Four Courts kwa mizinga Juni 28, Padre Albert Bibby na Padre Dominic O'Connor walikuwa ndani pamoja na waliokataa mkataba wa amani na Uingereza. Oktoba maaskofu wakatoa waraka uliowafungia sakramenti wapiganaji hao. Padre mwenye moyo wa kuwaendea akawa anapingana na wakubwa wake mwenyewe.

Dominic hakuwa mgeni wa misukosuko. Mwaka 1920 alikuwa akimhudumia Terence MacSwiney, Meya wa Cork, katika gereza la Brixton, London, hadi alipokufa baada ya kugoma kula kwa siku 74. Baadaye naye akafungwa na Waingereza. Baada ya Four Courts, yeye na Albert waliishia kupelekwa Marekani. Albert alifariki California mwaka 1925, Dominic akafariki Oregon mwaka 1935, na mabaki yao yakarudishwa Ireland mwaka 1958 tu. Haya yote nimeyasoma mwenyewe hotelini. Kwa bei ile, ningetarajia kuyasikia tukiwa tumesimama palepale.

Nyota tatu na nusu. Ukienda, uliza habari za Dominic na Albert mapema, mkiwa bado Church Street, kabla saa haijaanza kutazamwa. Tiketi ya Kilmainham ikate mtandaoni kabla hujafika, zinaisha haraka. Na chukua koti, hata kama ni Juni.