Skeiti pale bustanini: vijana safi, mwenye viatu hapana

Yule kijana anayekodisha viatu vya skeiti, vile vya magurudumu, kwenye bustani ya mjini Mwanza, upande wa ziwa, si mbali na kivuko cha Kamanga, hajui kuongea na watu. Naandika bado nina hasira, mnivumilie.

Nilipita pale jioni moja na binti yangu, yeye ndiye aliyetaka. Bei ya kukodi ya kawaida, sina neno, ila juu yake unaacha dhamana ya elfu tano. Nikatoa, tukavaa wote wawili. Ndiyo, na mimi, na arobaini yangu na ushee. Tena nilikuwa nimeshamsifia moyoni, maana kila mteja akivua, viatu vinatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Nikasema huyu msafi. Kumbe balaa lenyewe liko kwenye hiyo ndoo.

Ndiyo kwanza nimeachia ukuta, gurudumu la nyuma mguu wa kushoto likagoma ghafla. Nikaenda chini na viganja, korongo waliokuwa wakichokora taka wakatawanyika, watu wa kwenye mabenchi wakapata kicheko cha bure. Nikamrudia nachechemea, namwonyesha gurudumu. Hakuligusa. Alinitazama mimi, juu mpaka chini, akasema: "Mama, hivi ni vya watu wepesi. Umeshaua beringi, dhamana hairudi." Mbele ya mwanangu!

Sasa kuna vijana hukusanyika pale jioni na viatu vyao wenyewe na spika yao ya singeli. Binti mmoja akaja kwa kasi, akasimama kwa kuburuza kile kiraba cha mbele ya kiatu, akaniambia, "Anti, hebu kaa hapa." Akatoa spana mfukoni, akafungua gurudumu. Ndani kutu tupu, na nywele zimejizungusha kwenye ekseli. "Anaosha na maji, hakaushi, grisi yote inatoka. Uzito wako hauhusiki." Akanionyesha beringi nzima, kile kipete cha chuma kinacholifanya gurudumu lizunguke: namba 608, tundu milimita 8, nje 22, zilezile zinazofungwa hata kwenye skeiti za ubao. Tena akasema magurudumu ya jamaa ni magumu, yanafaa sakafu laini ya ndani. Kwenye pevingi unataka gurudumu laini kidogo, la sivyo meno yanagongana. Yangu yaligongana kweli.

Hapo ndipo nilipoisahau hasira kwa muda. Walinifundisha kukunja magoti, kuweka visigino karibu na vidole vitazame nje, na nikihisi naanguka nichuchumae niegemee ubavu, nisijirushe nyuma. Dereva bodaboda mmoja akanishika mkono huku, mwanafunzi wa chuo huku, tukazunguka bustani nzima na viatu vya kuazima. Hakuna aliyeomba hata hela ya maji. Nikawaambia wabeja, asante ya Kisukuma, mpaka wakacheka.

Kwa hiyo nampa nyota ngapi? Nilikuja kuweka sifuri. Halafu nikafikiri, bila yeye nisingewajua wale vijana, haya, mbili. Lakini nikikumbuka yale macho, juu mpaka chini... moja. Bustani yenyewe na vijana wake, tano, na Jumamosi tuko huko. Wanasema ukibahatika unapata pea nzuri ya mtumba soko la Mlango Mmoja, nitaenda kupekua.

Ukilazimika kukodi kwake, kabla hujatoa hela zungusha kila gurudumu kwa kidole, yote manane. Likikwaruza au likasimama haraka, mrudishie. Na uombe vikinga magoti. Anavyo chini ya meza, ila hatoi mpaka uviulizie.

Na wewe mwenye viatu, kama unasoma hapa: ile elfu tano naifuata.