Paa: Tuzitenganishe Maana kwa Ngeli au kwa Asili?

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mama anayempaa sato, magamba yakimrukia mikononi, huketi chini ya paa la bati, wala hachanganyikiwi. Anayechanganyikiwa ni mwanafunzi aliyefungua kamusi na kukuta vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, kadhaa vya neno hilo hilo, paa.

Njia ya ngeli haigharimu kitu: paa huyu ni mnyama, paa hili, wingi mapaa, ni la nyumba. Hata hivyo, kwenye vitenzi inakwama, kwa kuwa ndege hupaa na samaki hupaliwa magamba bila ngeli yoyote kuingilia kati. Hapo hutazamwa kama kitenzi kina yambwa, yaani kitu kinachotendewa.

Njia ya asili, yaani kufuatilia neno lilikotoka na linavyotamkwa, hudai vitabu na subira, lakini hufika mbali zaidi. Mombasa mnyama hutamkwa kwa mpumuo, yaani pumzi inayosikika baada ya p, phaa, ilhali paa la nyumba halina mpumuo, tofauti ambayo tahajia sanifu haiionyeshi na ambayo sisi wa Mwanza, nikiri, hatuitamki.

Anayejiandaa kwa mtihani atashika ngeli. Anayetunga kamusi hawezi kuikwepa asili.