Siti nane na mlima wa Manyovu: gari lipi la mkononi linaifaa familia kubwa

Nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma, tuko nane: mimi, mume wangu, watoto watano na mama mkwe. Karibu kila mwezi tunapanda Manyovu, kule milimani mpakani na Burundi, kuwaona ndugu. Tukipanda tunabeba dagaa na dumu la mawese, tukishuka tunabeba maharage na mkungu wa ndizi.

Gari letu la kwanza lilikuwa la siti saba, watoto wakiwa wanne. Binti yetu mkubwa, wakati huo ana miaka 12, alikaa siti ya nyuma kabisa magoti yakikaribia kidevu, na nyuma yake hapakuingia hata begi la shule. Mwezi wa pili, tukiwa tumeipita Mwandiga na mwinuko umeanza, likachemsha. Fundi alipoifungua rejeta akakuta tope la kijivu. Aliyetuuzia alikuwa ameweka dawa ya kuziba matundu ili gari livumilie mpaka tumalize kulipa. Nilikaa kando ya barabara na mtoto mgongoni saa tatu nzima, na ndipo nilipoanza kujifunza magari kwa dhati. Namwandikia mzazi mwenzangu mwenye familia kubwa na fedha ya kununua mara moja tu.

Anza na hesabu ya watu. Gari la siti saba linabeba watu wazima watano na watoto wawili, na ukishaujaza mstari wa tatu, buti limekwisha. Kwa hiyo hesabu mlio nyumbani, ongeza mgeni mmoja, kisha jiulize mzigo utakaa wapi. Keria inasaidia kwa nguo na magodoro, lakini dumu la lita 20 usilipandishe juu. Uzito ukikaa juu gari linayumba kwenye kona, na njia yetu ina kona nyingi. Dumu likae sakafuni, limefungwa kamba.

Jambo linalosahaulika ni magurudumu yanayovuta. Magari mengi ya familia yaliyotoka Japani yanavuta kwa mbele. Kwenye lami tambarare hakuna shida. Lakini pandisha mlima wenye tope jekundu la masika, watu sita wakiwa nyuma: uzito mwingi unalalia ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, yanazunguka bure na gari linarudi. Gari linalovuta kwa nyuma hapo linapata nguvu, kwa sababu mzigo unayakandamiza magurudumu yanayofanya kazi. Fowili, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ni bora zaidi. Huhitaji kumwuliza dalali, soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi kwenye kadi ya gari. Kwa mfano, Toyota Noah ya zamani ikiwa SR40 inavuta kwa nyuma, SR50 ni fowili. Noah iliyofuata, AZR60 inavuta kwa mbele, AZR65 ni fowili. Iliyofuata tena, ZRR70 ni ya mbele na ZRR75 ni fowili.

Ya kwanza kwangu ni Toyota Noah ya 2007 hadi 2014, au pacha wake Voxy. Ndiyo tuliyonunua, ZRR75. Ina siti nane, sakafu iko chini, na milango ya kuteleza iko pande zote mbili. Injini yake ya 3ZR ni ya lita 2.0 na inatumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, ambao huhitaji kubadilishwa. Udhaifu wake uko sehemu mbili. Gia boksi ni ya CVT, yaani otomatiki isiyobadili gia kwa hatua, na inataka oili yake maalumu. Anayekuambia oili yoyote ya otomatiki inafaa, mwache. Ukiwa mwendoni zima redio usikilize: mvumo mkali unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta ni dalili ya gia boksi iliyochoka. La pili ni zile zenye 3ZR-FAE, ambazo zina Valvematic, mfumo unaorekebisha ufunguaji wa vali za injini. Kidhibiti chake kikifa gari linakosa nguvu, na kukibadilisha ni gharama. Lipimwe kwa kompyuta kabla ya kutoa hata senti ya kishika uchumba.

Ya pili ni Noah ya zamani, ya 1996 hadi 2001. Najua ni gari lenye umri, hata changa yake imepita miaka 20. Naiweka hapa kwa sababu SR40 inavuta kwa nyuma, na injini ya petroli ya 3S kila fundi wa hapa ameshaifungua. Hilo ni kubwa kuliko linavyosikika ukiwa Dar es Salaam. Sisi spea ikikosekana madukani inaagizwa Kariakoo na kusafiri kwa basi kuvuka karibu nchi nzima, na gari linakusubiri juu ya mawe. Chukua ya petroli, iache ya dizeli yenye 3C-T, maana injini hiyo inajulikana kwa kuchemsha na kupasuka silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Unapaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na kama muuzaji hana jibu, hesabu kwamba utaubadilisha wewe wiki hiyo hiyo.

Noah hizi nyingi zimewahi kubeba abiria. Leo inakuja na namba ya njano ya gari binafsi, jana ilikuwa na namba nyeupe ya biashara. Inua zulia uangalie sakafu. Matundu ya bolti yaliyozibwa, reli za siti zilizolika, kingo za mlango zilizopigwa viatu mpaka rangi ikaisha, hayo hayafichiki. Kisha ushike mlango wa kuteleza kwa mkono mmoja, uufungue na kuufunga mara kumi. Ukikwama katikati au ukining'inia, roli zake zimekwisha. Mlango wa familia yenye watoto unafunguliwa mara nyingi sana kwa siku, usiupuuze.

Mkizidi nane, basi ni Toyota Hiace ya kuanzia 2004, na hapa soma vizuri kabla ya kutoa fedha. Hiace zinafanana kwa nje lakini ndani ni magari tofauti. Super GL, ile nzuri yenye bampa za rangi ya bodi, imetoka kiwandani na siti tano tu. Ukiikuta na siti kumi, kuna mtu amezichomelea. Siti ya kuchomelea isiyo na mkanda siyo mahali pa kumkalisha mtoto, na mimi siinunui hata kwa nusu bei. Tafuta Grand Cabin, yenye siti kumi halisi, mikanda yake na injini ya petroli ya lita 2.7. Inavuta kwa nyuma na ina nafasi ya mizigo ambayo Noah haiwezi kuiota. Inakula mafuta zaidi, lazima ukubali hivyo tangu mwanzo.

Alphard naiweka ya nne, na najua wengi wataudhika, maana ni gari zuri mno ukikaa ndani. Tatizo langu ni injini ya 2AZ ya lita 2.4, ambayo imo pia kwenye Ipsum ya 2001 hadi 2009. Bloku yake ni ya alumini, na kwa baadhi ya injini za miaka ya mwanzo bolti za silinda hedi hung'oa uzi wake. Maji yanavuja taratibu, gari linachemsha mlimani, na kubadilisha gasketi peke yake hakuponyi kitu. Nyingine zinakula oili. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe uone kiwango chake, kisha mwombe mtu akanyage mafuta wewe ukiwa umesimama nyuma: moshi wa bluu ukitoka, agana na muuzaji kwa amani.

Noah ya 2001 hadi 2007 ni ya tano. Injini yake ya D-4 inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo inachagua mafuta na inajaza masizi kwenye njia ya hewa. Ikitetemeka ukiwa umesimama, ujue imeshaanza. Wish na Sienta ni magari mazuri kwa mke, mume na watoto watatu, lakini yako chini na mstari wa tatu ni wa watoto wadogo. Serena ina siti nane na bei inavutia. Kabla ya kuipenda, zunguka maduka ya spea ya hapa mjini uone wangapi wana chochote cha Nissan hiyo.

Ukiamua kuagiza mwenyewe, ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla hujamtumia muuzaji fedha. Injini iliyozidi cc 2,000 inalipa ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko ya 2,000 kushuka, na gari lililozidi miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu. Kwa gari la zamani kodi inaweza kuizidi bei ya gari lenyewe. Na kwa sisi wa mpakani: gari lenye namba ya nchi jirani linalouzwa kwa bei ya kutupa halijalipiwa ushuru hapa. Siku likikamatwa, unalipoteza wewe.

Siku ya kukagua nenda asubuhi mapema, umemwambia muuzaji asiliwashe. Gari lililopashwa moto kabla hujafika limefichwa kitu. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa la baridi, chovya kidole: maji yawe safi, yasiwe na tope wala mafuta. Kisha mpakie watu wote, washa AC, lipande kutoka stesheni ya reli hadi Mwanga, urudi, upande tena. Mshale wa joto usogee kidogo tu na utulie. Jina la kwenye kadi na la kwenye kitambulisho cha muuzaji yawe moja, deni la faini za trafiki liangaliwe kwa namba ya gari, na malipo yapite benki mkiwa mmeandikishana mbele ya mwanasheria.

Sisi tulikwenda na familia nzima. Mama mkwe, ambaye goti lake halikunji vizuri, aliuvuta mlango mwenyewe, akaingia, akakaa katikati na kufunga mkanda. "Hapa nitafika Manyovu bila kushikwa mkono," akasema. Dalali alitaka tuanze kuzungumza bei. Nilimwomba asubiri kidogo, maana nilikuwa bado navuta mikanda mmoja mmoja mpaka ikatimia minane.